Jeraha Limefunga, Neva Bado Inaungua

Shemeji yangu ni bodaboda hapa Bombo, Uganda. Miezi mitano iliyopita alianguka, bati likamchana mkono karibu na kifundo cha mkono. Akashonwa, jeraha likafunga vizuri. Lakini usiku anakaa kitandani kaupakata mkono kama mtoto mchanga. Shuka likigusa tu kidole chake cha mwisho, anaruka kama aliyebandikwa pasi. Wiki iliyopita alirudi kliniki. Mhudumu akaangalia kovu, akamwambia: "Kaka, umepona. Hayo mengine ni mawazo."

Mawazo! Neno hilo halijanitoka kifuani.

Neva, yaani mshipa wa fahamu, ikikatwa hainyamazi. Seli zake zimekaa kwenye kinundu kando ya uti wa mgongo, na siku chache baada ya kukatwa zinabadilisha peptidi (vijiprotini vya kupeleka ujumbe) zinazotengeneza. Dutu P na CGRP, wajumbe wa kila siku wa maumivu, zinapungua. Galanini, peptidi nyingine ambayo kwenye neva nzima ni haba mno, inafurika. Peptidi nyingine mbili, VIP na neuropeptidi Y, nazo zinapanda. Sasa linganisha na jipu: penye uvimbe wa namna ile, dutu P na CGRP huongezeka. Ni maumivu mawili tofauti, na kumpa mtu wa neva diklofenaki ya jipu mara nyingi hakumsaidii. Dawa za maumivu ya neva zipo: kuna amitriptilini, kuna gabapentini. Na hiyo galanini haikuja kuleta balaa tu, maana panya waliozaliwa bila jeni yake, neva zao huota upya polepole zaidi.

Najua mengi ya haya yamepimwa kwa panya, na kliniki ya mtaani haina kipimo cha galanini. Najua pia foleni ya mhudumu yule inafika barabarani. Sawa. Lakini kuuliza "inaungua? inapiga kama umeme?" hakuhitaji mashine. Siku ya kushonwa hakuna aliyemwambia hata atanue vidole, kuona kama neva ni nzima au imekatika. Walishona ngozi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ni Uganda. Tangu Hospice Africa Uganda, shirika la kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, ianze mwaka 1993, nchi hii imejifunza kumwamini mgonjwa wa kansa anaposema anaumwa. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, tunaichanganya wenyewe, na mgonjwa anapewa bure. Kwa nini kijana wa bodaboda asiaminiwe?

Neva huota kama milimita 1 kwa siku. Nimepima kwa rula kutoka kovu lake hadi ncha ya kidole: sentimita 16. Hata kama njia iko wazi, ndiyo kwanza inakaribia kufika, na kama ncha zake hazikuunganishwa, huenda isifike kabisa.

Jumatatu tunapanda taksi kwenda hospitali ya Mulago, Kampala. Nimemwandikia maneno yake mwenyewe kwenye karatasi, asije akayameza mbele ya daktari: inaungua, umeme, ganzi, shuka.