Acheni kufua sakoshi za ngozi

Sakoshi nyingi za ngozi, yaani mikoba ya mkononi, katika mji wetu haziuawi na wezi, wala na msongamano wa taksibisi, wala na umri. Zinakufa Jumamosi, ndani ya beseni la sabuni, mikononi mwa mwenyewe anayezipenda.

Najua nitapingwa. Mtu wa Lubumbashi haendi kanisani Jumapili na kiatu chenye vumbi, na sakoshi iko chini ya sheria hiyo hiyo. Hilo silikatai. Ninalolikataa ni imani kwamba kitu hakijawa safi mpaka kipite majini. Kitenge kikilowa kinakauka na kurudi kilivyokuwa. Ngozi hairudi. Ilikuwa mwili wa ng'ombe au mbuzi. Kiwandani ikatiwa dawa isioze, mara nyingi chumvi za kromi, mara nyingine maji ya magome ya miti, kisha ikanyweshwa mafuta ili nyuzi zake zisishikane. Ule ulaini unaousikia vidoleni dukani unatokana kwa sehemu kubwa na mafuta hayo. Na sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta. Haiulizi yamewekwa na nani.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Ngozi iliyotengenezwa ina uchachu kidogo: pH yake, kipimo ambacho namba ndogo ndiyo uchachu mkubwa, kwa kawaida iko kati ya 3.5 na 5. Sabuni ya kipande, ile tunayofulia, iko 9 au 10. Ukiisugulia ngozi kila juma unakuwa unaivuta upande usio wake, na kinachoanza kuachia ni tabaka la rangi lililopakwa juu. Ndiyo maana sakoshi nyekundu inatia rangi kwenye kitambaa na mwenyewe anasema "uchafu bado unatoka". Mama, huo si uchafu, ni sakoshi yenyewe inayotoka. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, sitaki hata kuijadili.

Baada ya beseni linafuata jua. Inaanikwa ukutani, mdomo wazi, saa sita mchana. Ngozi iliyolowa ikipashwa moto haraka inasinyaa, nyuzi zake zinashikana maji yanapotoka, na jioni unakuta kitu kigumu kilichopinda. Nyufa zitakuja baadaye, palepale kwenye mkunjo wa kifuniko na kwenye shina la mkono, na watu watasema fundi wa Ulaya hakuwa hodari.

Basi vumbi tulitoeje? Hapa ndipo mji wetu unahitaji ushauri wake wenyewe, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambazwa yameandikwa na watu ambao hawajapita barabara ya Katuba au Ruashi mwezi wa Agosti. Vumbi letu ni jekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, ni laini, na linaingia hata kwenye tundu za uzi. Ukilipitishia kitambaa chenye maji kabla ya kitu kingine chochote, umetengeneza tope na umelisukuma ndani ya vinyweleo vya ngozi na kwenye mishono. Sakoshi ya rangi ya maziwa ikishakunywa tope hilo kwenye mshono, hakuna anayelitoa.

Kwa hiyo kwanza brashi kavu. Brashi laini, mpya, si ile iliyokwisha kula siraji, rangi ya kung'arishia, nyeusi ya viatu vya baba. Kwenye mishono na kando ya zipu tumia brashi ndogo ya kupaka rangi, au hata ile ya poda uliyoiacha. Ipige taratibu kutoka juu kwenda chini, sakoshi ikiwa wazi na imegeuzwa ili makombo ya ndani yamwagike: vipande vya karatasi, karanga, noti ya faranga iliyosahaulika. Katika kiangazi kazi hiyo peke yake, ukiifanya kila unaporudi nyumbani, inatosha karibu siku zote. Haichukui muda wa kuchemsha chai.

Kitambaa cha maji kinakuja pale tu ambapo brashi imeshindwa, na kiwe kimekamuliwa mpaka hakidondoshi. Fulana kuukuu ya pamba inafaa kuliko kitu chochote cha kununua. Doa likibaki, weka tone la shampuu ya mtoto kwenye maji kidogo, piga povu, upake povu tu. Na upanguse upande wote wa sakoshi, kutoka mshono hadi mshono, si lile doa peke yake; ukisugua sehemu moja utabaki na duara linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Malizia na kitambaa kingine chenye maji safi, kisha ijaze nguo kuukuu ndani ishike umbo, uiache kivulini. Magazeti usiyajaze kwenye sakoshi yenye bitana nyeupe, wino unahama.

Kuhusu vile vitambaa vya kupangusia watoto, vinavyouzwa kila kona na kukaa ndani ya sakoshi yenyewe: kimoja siku moja hakitaua mtu. Lakini vina dawa za kuondoa mafuta, manukato na vihifadhi, na kila siku ni kila siku. Vimetengenezwa kwa ajili ya ngozi iliyo hai, inayojitengenezea mafuta yake. Ya sakoshi haijitengenezei kitu.

Sasa nigeukie mafuta, maana hapo ndipo tunapogombana zaidi nyumbani. Kuna shule ya mafuta ya kupikia, shule ya nazi, shule ya vazelini, na nimeshamwona mtu wa mawese. Wote wana hoja moja sahihi: ngozi inakauka, hasa asubuhi za Juni na Julai zenye baridi na hewa kavu, wakati hata midomo yetu inapasuka. Lakini mafuta ya jikoni yanachacha. Yanabaki ndani, yanaanza kunuka, yanaigeuza rangi kuwa ya giza, na yanashika vumbi lile lile tulilotoka kulihangaikia. Ya nazi yana balaa la ziada: chini ya nyuzijoto 24 yanaganda, na sisi tuna asubuhi nyingi za chini ya 24. Ndipo unaona ukungu mweupe juu ya sakoshi nyeusi na unapiga kelele kwamba imeota kuvu. Vazelini haichachi, ila inakaa juu juu, inanata, na mwisho wa siku sakoshi ni nyekundu tena.

Krimu ya ngozi isiyo na rangi, chombo kidogo, inakaa muda mrefu kwa sababu inayohitajika ni kidogo sana. Paka kwa kitambaa, si kwa kumwagia, acha inywe, kisha ng'arisha kwa kitambaa kikavu. Mara moja kiangazi kinapoanza na mara nyingine kabla ya mvua, kwa sakoshi inayotembea kila siku, naona inatosha. Ijaribu kwanza chini ya kitako, pasipoonekana. Na usipake kabisa kwenye ngozi ya manyoya mafupi, ile ya daim. Hiyo ni brashi kavu tu mpaka mwisho wa maisha yake, na kwa kweli sielewi mtu anayeinunua akijua anaishi Lubumbashi.

Kabla ya kununua krimu lakini, hakikisha una ngozi. Nyingi ya tunazobeba ni skai, plastiki iliyolazwa juu ya kitambaa, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni muuzaji kukuuzia skai kwa bei ya ngozi. Tazama ukingo uliokatwa, au ndani ya mfuko mdogo usio na bitana: ngozi inaonyesha nyuzi zilizochanganyikana, skai inaonyesha kitambaa chini na utando juu. Skai inayoanza kumenyuka magamba haiponi. Unyevu wa hewa na joto vimeshavunja plastiki yake kutoka ndani, na kuipaka krimu ni kama kupaka bati mafuta ya kulainisha. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji, itumie kwa furaha, ikimenyuka iage. Kwa upande mwingine, kwenye marobota ya mitumba kuna sakoshi za ngozi halisi zilizotupwa kwa sababu tu zilikauka au mkono ulikatika, nazo zinauzwa bei ya chini kuliko skai mpya inayong'aa. Mimi huko ndiko ninakoelekea.

Mvua zikianza Novemba, vita vinabadilika. Mpaka Aprili tatizo si ukavu tena, ni unyevu, na kabati zetu nyingi zimeegemea ukuta wa nje. Hewa ikikaa kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70, kuvu inaanza kusherehekea, na mahali inapopendelea ni gizani, ndani ya mfuko wa plastiki ambamo mama fulani ameifunga sakoshi yake ya harusi "isishikwe na vumbi". Plastiki inafungia unyevu ndani. Foronya ya pamba inafanya kazi yote ya kuzuia vumbi na inaacha hewa ipite. Acha nafasi nyuma ya kabati, fungua milango yake siku ya jua, na usiirudishe ndani sakoshi iliyonyeshewa kabla haijakauka kabisa, hata kama wageni wako mlangoni.

Ukikuta weupe, usikimbilie sabuni. Weka kiganja juu yake kwa muda: ukiyeyuka na kupotea kwa joto la mkono, ni mafuta yaliyopanda juu, pangusa tu. Ukibaki, na una harufu ya chumba kilichofungwa, ni kuvu. Itoe nje, mbali na nguo, uipige brashi kavu, na hiyo brashi isirudi kwenye sakoshi nyingine kabla ya kuoshwa. Kisha kitambaa kilichonyunyizwa alkoli ya duka la dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kipite kwa wepesi, baada ya kujaribu chini ya kitako, maana alkoli inaweza kuondoa rangi. Kwa sababu hiyo hiyo siipendekezi kwa madoa ya kalamu. Mstari wa wino unaweza kuwa mdogo kuliko kovu utakaloacha.

Doa la mafuta ya chakula ni jepesi ukiwahi: poda ya mtoto juu yake, ilale usiku, asubuhi ipige brashi. Unga wa bukari, ugali wetu, uache jikoni, ni wa chenga mno. Mkono wa sakoshi unaoweka weusi ni jasho pamoja na losheni tulizojipaka. Subiri losheni ikauke mikononi kabla ya kutoka. Na kitenge kipya cha rangi ya buluu iliyokolea kikisuguana na sakoshi ya rangi ya maziwa kuanzia komuni yetu ya Kenya hadi katikati ya mji, ubavu wa sakoshi unafika na rangi ya kitenge. Hiyo haitoki kirahisi. Siku ya kitenge kipya, beba nyeusi.

Uzi ukikatika au mkono ukiachia, mpelekee fundi viatu. Tunao wazuri, soko la Kenya na pembeni mwa barabara za Kamalondo, na pesa anazoomba ni kidogo ukizilinganisha na sakoshi mpya. Ila mpe maelekezo. Mwambie ashone kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na apitishe sindano kwenye matundu ya zamani. Akitoboa mapya kando yake ngozi inabaki na mstari wa matundu na itachanika hapo hapo. Gundi iwe kwa ndani, kidogo. Mwambie pia asipake siraji. Kiatu hakigusi gauni lako, sakoshi inaligusa siku nzima, na siraji ya rangi inahama kwenye nguo. Atataka kuipaka tu, kwa sababu kwake kazi isiyong'aa haijaisha, na atakuambia, "Mama, hii nakuongezea bure." Mshukuru, mlipe zake, uichukue hivyo hivyo ilivyo.