Simu Mpya Haina Ubovu, Imehamia Kenya

Ukiishi Tarakea, Holili au Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, lalamiko hili umeshalisikia sana: simu mpya, mistari ya mtandao imejaa, bando lipo, lakini WhatsApp haifunguki. Simu inarudishwa kibandani. Kijana wa kibanda anaingia kwenye mipangilio, anawasha romingi (ruhusa ya simu kutumia intaneti kupitia mtandao wa nchi nyingine), na papo hapo meseji zinaanza kumiminika. Mteja anashukuru, anaondoka zake. Kabla hajafika nyumbani vocha yote imeliwa, na bando liko vilevile, halijaguswa hata MB moja.

Kwangu mimi, katika ushauri wote unaotolewa bure huku mpakani, huo wa "washa romingi" ndio wa gharama kubwa kuliko wote. Nao unatolewa kwa nia njema kabisa.

Tazama juu ya kioo cha simu, pembeni ya mistari ya mtandao. Kama kuna herufi R ndogo, simu haina ubovu. Imeshika mnara wa Kenya ilhali wewe uko Rombo, umekaa kibarazani kwako. Mawimbi hayasimami kwenye geti la uhamiaji, na simu mpya hutoka dukani ikiwa imewekwa kujichagulia mtandao yenyewe. Mnara wa nyumbani ukiyumba kidogo, kilima kikiuziba, simu inahamia kwa jirani. Ikishahamia haina haraka ya kurudi: nyingi hung'ang'ania hukohuko hata mtandao wa nyumbani ukishakaa sawa. Bando lako la Tanzania halifanyi kazi kwenye mnara ule, na kwa kuwa romingi ya data kwa kawaida huja ikiwa imezimwa, intaneti inakataa. Yaani simu ilikuwa inakulinda, na mtu akaenda kuifungulia mlango.

Dawa yake ni nyepesi. Washa hali ya ndegeni, hesabu mpaka kumi, zima. Mara nyingi R inaondoka. Isipoondoka, ingia kwenye mtandao wa simu, zima ile sehemu ya kuchagua mtandao kiotomatiki, subiri orodha itokee (inachukua dakika kadhaa, usiikatishe), kisha gusa jina la mtandao wako wa Tanzania. Ukiwa na laini mbili, kagua pia kama simu imeruhusiwa kuhamisha data yenyewe kwenda laini nyingine. Hicho nacho ni kimlango cha uani ambacho wengi hawakijui.

Kuna kitu watu wanakiogopa bure. Kuzima romingi ya data hakuzuii simu kupigwa wala SMS kuingia. Ukivuka kweli kwenda Taveta, namba ya siri ya benki itakufikia, na menyu ya kutuma pesa kwa kawaida bado inafunguka, maana haipiti kwenye intaneti. Kinachozimwa ni data peke yake.

Kama hakuna R na intaneti bado imegoma, hapo ndipo nitakubali tuzungumzie APN, yaani mpangilio unaoiambia simu njia ya kuingilia intaneti ya mtandao wako. Simu husoma tarakimu za mwanzo za namba iliyomo ndani ya laini, 640 ikiwa ni Tanzania, 639 Kenya, kisha inajipangia APN kutoka kwenye orodha yake. Simu iliyoletwa na shemeji kutoka Marekani au Dubai pengine haina orodha ya kwetu, na sehemu ile inabaki tupu. Piga huduma kwa wateja wakutumie mipangilio. Hizo za Marekani zina mawili zaidi: nyingine zimefungwa na kampuni iliyoziuza, nyingine hazina masafa ya 4G yanayotumika huku. Wala usikubali kuflashiwa simu, yaani kuwekewa programu upya, kabla hujapiga *#06# na kuhakiki IMEI yake, ile namba ya utambulisho wa simu. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia, na simu ya namna hiyo hakuna mipangilio itakayoiokoa.

Lakini sipendi mzigo wote huu atwishwe mama anayeuza ndizi sokoni. Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilifungua huduma ya One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania: mteja akivuka anapiga kwa bei ya kule aliko, akipigiwa hakatwi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikakubaliana kushusha gharama za romingi baina yao. Tanzania haikuanza nao. Kwa hiyo linawezekana, na liliwezekana enzi za simu za kitochi. Kampuni zinajua laini ipi inashinda Rombo mwaka mzima. Kwa nini zisimuulize mwenye laini kabla ya kumkata, badala ya kumtumia meseji ya kumkaribisha Kenya?

Wenzetu wa Rusumo wana nafuu kidogo: simu ikidaka Rwanda, saa inarudi nyuma saa nzima, mtu anashtuka. Sisi na Kenya saa ni moja, hakuna cha kukushtua zaidi ya ile R.

Na ukishachagua mtandao kwa mkono, siku unayopanda basi la Nairobi irudishe kiotomatiki kabla hujavuka Namanga. La sivyo simu itakuandikia hakuna huduma safari nzima.