Mtoto wa Igombe Hafundishwi Kuogelea

Kosa la kwanza nililifanya saa kumi na moja alfajiri, hotelini Bethlehemu: nilinyoa ndevu. Siku hiyo tulikuwa tunashuka mto Yordani, na sikutaka kutoka kwenye picha nikiwa na ndevu za Yohana Mbatizaji mwenyewe. Kiongozi wetu wa ziara alikuwa ametuonya usiku wakati wa chakula, "Kesho asinyoe mtu." Mimi nilikuwa nimeenda kuongeza wali.

Kuhusu huyo kiongozi, kuna mama mmoja kwenye msafara ambaye hakumwita jina lingine ila "gaidi". Ndivyo lile neno la Kiingereza linavyotoka kinywani kwake. Siku tuliyotua alipiga simu nyumbani Sengerema: "Msiwe na wasiwasi wanangu, gaidi ametupokea uwanjani, tuko naye kwenye basi." Mchungaji alitumia dakika ishirini na bando zima kuwatuliza wale watoto.

Basi. Tukashuka kutoka milimani, tukapita kibao kinachoonyesha usawa wa bahari, palipo na ngamia wa kupigia picha, na bado basi likazidi kuteremka. Masikio yakaziba. Yeriko tukaonyeshwa mkuyu mkubwa uliozungushiwa uzio, wanaousimulia kuwa ndio wa Zakayo. Jirani yangu wa kiti, Mzee wa Kanisa, mwalimu mstaafu ambaye miguu yake haifiki sakafu ya basi, alisimama chini yake tukampiga picha. Kuanzia hapo jina likawa Mzee Zakayo, na yeye akalipokea kwa heshima zote.

Yordani sasa. Kwa kuimbiwa tangu Sunday school, nilitegemea kitu kama Kagera au Rufiji. Nikakuta kamto ambako ungeweza kumrushia mtu wa ng'ambo embe akalidaka, na huyo wa ng'ambo yuko nchi nyingine kabisa, Yordani, naye kavaa kanzu nyeupe anaimba. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Hapo nikamwelewa Naamani alivyokasirika kuambiwa ajichovye humo mara saba. Sisi Walutheri tulishabatizwa utotoni, kwa hiyo Mchungaji alitunyunyizia tu tukumbuke ubatizo wetu. Nikajaza chupa moja kwa ajili ya Bibi, nikaandika juu yake kwa kalamu: YORDANI.

Mchana tukafika Bahari ya Chumvi. Ufuko wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, na chumvi yake inakaribia mara kumi ya ile ya bahari ya kawaida. Samaki hakuna. Dagaa hakuna. Kwa mtu wa Mwanza, ni kama kuonyeshwa shamba la mawe.

Kiongozi akatoa masharti: ingieni taratibu kinyumenyume, kaeni kama mnakaa kitini, msilale kifudifudi, uso usiguse maji, robo saa inatosha. Nikacheka kimoyomoyo. Mimi nimezaliwa Igombe. Nimejua kupiga mbizi Ziwa Victoria kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Leo nifundishwe kukaa majini?

Nikakimbia, nikajitupa kwa kifua.

Kilichofuata sikukijua katika maisha yangu yote ya ziwani. Miguu ilichomoka majini yenyewe, makalio yakaelea kama boya la wavuvi, na kwa kuwa huku nyuma kumepanda, huku mbele kukashuka. Uso ukaingia. Macho yakawaka. Kidevu nilichokinyoa kwa mbwembwe alfajiri kikawa kama kimesagiwa pilipili kichaa. Nikataka kusimama, miguu ikagoma kushuka. Nikataka kufuta macho, mikono nayo imejaa chumvi. Nikapiga kelele kwa sauti ya mwisho niliyokuwa nayo: "Yesuuu!"

Kina mama ufukweni wakaitikia, "Amina!"

"Yesu, nakufa!"

"Haleluya!" Hiyo ilitoka kwa kundi la Wanigeria waliokuwa wakijipaka tope jeusi kando yetu. Mmoja alianzisha pambio.

Aliyeniokoa ni Mzee Zakayo, mtu ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Alikuja akiwa amekaa chali kama yuko barazani kwake, kofia kichwani, anapiga kasia kwa viganja polepole. Akanishika kamba ya kaptula. "Geuka, kijana," alisema kwa sauti ya darasani. "Haya, kaa." Nikageuka, nikakaa. Akanivuta hadi ukingoni kama mtumbwi uliokatika injini, kisha akanielekeza kwenye bomba la maji baridi.

Sasa, ungetegemea mtu aliyetoka kwenye kifo aondoke kimya. Mimi nikakumbuka magoti ya Bibi. Nimesikia maji yale yanasaidia viungo, basi nikarudi na chupa tupu ya maji ya kunywa, nikajaza. Na hili ndilo kosa la pili: yale ya Yordani ni ya kahawia, hata mbuzi angeuliza kabla ya kunywa. Ya Bahari ya Chumvi ni meupe pee. Kalamu sikuiona. Nikaichomeka chupa kwenye kimfuko cha kiti, katikati yangu na Mzee, nikalala.

Niliamshwa na mlio kama wa tairi kupasuka. Mzee Zakayo alikuwa amekata funda moja la nguvu, na lote lilikuwa limeishia kwenye kilemba cha Mama Mchungaji, kiti cha mbele. Basi zima likanyamaza. Mzee alisukutua kwa chupa tatu za watu wengine, akafuta mdomo kwa leso, akaikunja mara nne. Kisha akanigeukia.

"Leo nimemwelewa mke wa Lutu," alisema.

Hakuongea nami tena hadi siku mbili baadaye tulipofika Kana ya Galilaya, kwenye kiduka kinachowaonjesha mahujaji divai kwenye vikombe vidogo. Akapewa chake. Akakinusa, akakiinua kwenye mwanga, kisha akaninyoshea.

"Anza wewe, mkuu wa meza."