Aya kwenye slaidi ya kwanza haitoshi

Hili suala la kuoanisha elimu ya dini na sayansi kwenye vyuo vyetu vya Kiislamu linanigusa sana, manake linazungumzwa toka mkutano wa elimu ya Kiislamu wa Makka wa 1977 na mpaka leo mwanafunzi anatoka darasa la fiqhi (sheria ya dini) anaingia la baiolojia kama kavuka mpaka wa nchi. Al-Azhar ya Misri waliongeza udaktari na uinjinia 1961, IUIU, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, pale Mbale ikafunguliwa 1988, na hiyo ni kazi kubwa siidharau. Ila vitivo viwili kukaa kampasi moja ni ujirani tu.

Wanaopinga wana hoja na sio maadui wa dini. Wanasema hakuna fizikia ya Kiislamu, na ukiifunga aya na nadharia ya leo, kesho nadharia ikibadilika utamwambia nini huyo kijana? Hapo nakubaliana nao kabisa. Aya slaidi ya kwanza halafu slaidi 40 zinazofuata ni zilezile za kila chuo, hapo hakuna kilichooanishwa.

Ninapoachana nao ni wakisema basi kila elimu ikae chumba chake. Chukua mwezi, ambao tunagombania kila Ramadhani. Mtu anakuja anaapa kauona, na hesabu inaonyesha jioni ile mwezi ulitangulia kuzama kabla ya jua. Mtaalamu wa falaki (elimu ya nyota) atasema haiwezekani, basi, hajui ushahidi unapokelewaje wala kadhi anaukataa kwa msingi gani. Sheikh naye masharti ya shahidi anayo kichwani, ila hajawahi kufundishwa kwamba mwezi ukiwa chini ya nyuzi kama 7 toka kwenye jua hilali (mwezi mwandamo) haionekani kwa macho. Na swali lenyewe sio geni, Imam Taqiyuddin Subki, wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa pwani, aliyefariki 1355, alisema hesabu ya uhakika ikikataa basi shahidi akataliwe, na Mashafii wakubwa kama Ramli hawakumkubalia.

Sa mi nataka swali hilo liwe darasa, mhadhiri wa falaki na wa fiqhi wasimame pamoja mbele ya wanafunzi walewale, maneno ya Subki na ya Ramli ubaoni pembeni ya hesabu. Ni gharama, najua, wahadhiri wawili kipindi kimoja, na wanaojua pande zote ni wachache mno. Chuo kianze hata na kipindi kimoja kwa muhula, Shaaban ndo wakati wake, kabla watu hawajapanda juu kuangalia mwezi.