Kabla Hujauza Kiwanja cha Buswelu, Uliza Hanga

Wiki iliyopita rafiki yangu alinivuta kwenye semina ya wakala wa vyuo vya urubani vya nje, hoteli moja hapa Mwanza. Soda zipo, sambusa zipo, projekta ipo. Msemaji ni kijana nadhifu mwenye mistari minne ya dhahabu mabegani, ile ya rubani mkuu, ingawa kwa kauli yake mwenyewe yeye ni mtu wa masoko. Mistari minne, jamani! Nawafahamu watu wanaorusha ndege ndogo za Caravan kwenda Seronera, Serengeti, kila siku ambao hawajaifikisha.

Wazazi walijaa. Wa Igoma, wa Nyakato, wengine wametoka Sengerema. Ukutani kuna jedwali: nchi, bei ya saa moja ya kuruka, na ile ya chini kabisa imepakwa kijani. Mzee mmoja kutoka Ukerewe, mwenye mitumbwi yake ya dagaa, akanyanyua mkono: "Mwanangu, mbona bei zinapishana hivi?" Kijana akatabasamu. "Baba yangu, saa ni saa. Chagua ya bei nafuu, mtoto aanze kuruka."

Watu wakapiga makofi. Nikatoka nje kutafuta hewa.

Mimi ni fundi wa ndege. Sina chuo ninachokiuza na sina mtoto anayetaka urubani (wa kwangu anataka kuwa mwanamuziki, Mungu anisaidie). Lakini maisha yangu yote ya kazi nimeyapitisha nikiwa na kitabu cha ndege mkononi, na ninachojua ni kwamba hakuna chuo kinachokuuzia saa. Kinakuuzia ndege nzima, siku ambayo ndege hiyo ipo. Isipokuwepo, bei ya saa iwe dola 100 au dola 10, utakaa chumbani unaangalia dari.

Tufanye hesabu ambayo semina haikufanya. Leseni ya biashara, yaani CPL, kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka saa 200, au 150 ukisoma kozi ya moja kwa moja iliyoidhinishwa. Marekani kwa njia wanayopita wengi ni 250. Leseni ya binafsi, PPL, inaanzia saa 40. Katikati hapo ndipo panapoitwa kujaza masaa: unakodi ndege, unazunguka, unaandika kwenye logibuku, daftari la masaa ya rubani. Kwenye karatasi, mtu akiruka saa tatu kwa siku anamaliza haraka tu. Ndivyo kijana alivyotuonyesha, kwa mchoro wenye mshale unaopanda.

Sasa njoo hanga, banda tunamotengenezea ndege. Ndege nyingi za kufundishia ni Cessna 172. Kwa sheria za Marekani, ndege ambayo chuo kinaitumia kufundishia kwa malipo lazima ifanyiwe ukaguzi kila inapotimiza saa 100. Chuo chenye kazi kinairusha ndege moja saa sita kwa siku. Gawanya: siku 17 hazijaisha, ndege inarudi kwetu. Tunafungua kava za injini, tunapima kompresheni ya kila silinda, tunatoa plagi, tunakata chujio la oili na kulikagua kama lina chembe za chuma. Tukikuta ufa kwenye ekzosti, ndege inalala. Kipuri kikiwa hakipo, inalala wiki. Na injini ya Lycoming iliyomo humo imepangiwa saa 2,000 kabla ya kufumuliwa upya. Kwa mwendo huohuo wa saa sita, saa 2,000 zinafika kabla mwaka haujaisha! Kila mwaka, kila ndege, injini inashuka. Chuo kisichokuwa na fedha ya injini nyingine pembeni kinaifunika ile ndege turubai na kuisukuma nyuma ya hanga. Kwenye tovuti inabaki imeng'aa, bendera nyuma, mwanafunzi anacheka.

Kwa hiyo unaposoma "tuna ndege 20", hiyo ni idadi ya picha. Uliza leo asubuhi zimeruka ngapi. Uliza kila ndege inayoruka inagawanywa kwa wanafunzi wangapi, maana ndege nne kwa wanafunzi sitini ni foleni ya kivuko cha Kigongo enzi zile kabla ya daraja. Uliza mafundi ni wa chuo wenyewe au wanaitwa kutoka mji mwingine ndege ikishaharibika. Omba wakupigie picha ubao wao wa ratiba wa wiki hii, wenye majina yaliyofutwa na kuandikwa upya. Chuo kizuri kitakutumia bila shida. Kibovu kitakutumia video yenye muziki.

Nimelikomalia hili kwa sababu namfahamu kijana wa huku kwetu aliyekwama. Chuo sikitaji, nchi siitaji. Alifika, akaruka vizuri mwezi wa kwanza, kisha ndege mbili zikaingia hanga na hazikutoka. Akawa anaruka mara moja kwa wiki, mara nyingine hata hiyo haipo. Kodi ya chumba inakwenda, chakula kinakwenda, viza inahesabu siku. Na mikono inasahau. Mwanafunzi anayeruka kwa kuachaachia anarudia masomo yaleyale ya kutua, na kila marudio analipia. Ndiyo maana wengi huipata PPL wakiwa wamevuka saa 60, si 40 za kwenye kipeperushi. Ile bei iliyopakwa kijani ikageuka ghali kuliko zote zilizokuwa kwenye jedwali. Nyumbani mama yake anauliza kila Jumapili, "Umefika wapi?" Atasema nini?

Halafu kuna hili la kulipa yote mapema ili upate punguzo. Silver State Helicopters ya Marekani ilifunga milango Februari 2008 na kuwaacha wanafunzi zaidi ya 2,000 na madeni. Tayside Aviation ya Dundee, Scotland, chuo kilichokuwa na sifa zake, kilianguka Aprili 2023. Hizo ni nchi zenye mahakama za kueleweka. Wewe uliyetuma fedha kutoka tawi la benki la Barabara ya Kenyatta utamshitakia nani?

Nikubali kidogo, kwa shingo upande. Nje kuna faida. Marekani ina viwanja vya umma kama 5,000, petroli ya ndege ndogo inapatikana karibu kila unapotua, na Arizona unaweza kuruka miezi bila kuliona wingu la maana. Huku kwetu ndege nyingi za biashara zinatumia Jet A-1, mafuta ya jeti, na kuipata petroli ya Cessna ndogo ni shughuli. Sawa. Lakini huyo wa Arizona akirudi hapa atakuta kiwanja kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua la mchana linaipunguzia ndege nguvu, korongo wanazunguka juu ya njia ya kurukia, na ziwa lenye tabia yake: usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote na kukutana katikati ya maji, radi zinapikwa humo, alfajiri unaziona zimesimama upande wa visiwani. Hapo utamwambia nani kwamba saa ni saa?

Mengine kwa kifupi, maana yananichosha kwa kuwa yako wazi.

Mtoto apimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla hujatuma hata senti. Kuna watu wamegundua tatizo la kutofautisha rangi wakiwa wameshauza shamba.

Uliza bei inahesabiwa kwa Hobbs au kwa tach, mita mbili za kuhesabu muda ndani ya ndege. Hobbs kwa kawaida inahesabu tangu injini inawaka, tach inafuata mzunguko wa injini, inakwenda taratibu injini ikinguruma polepole, hivyo mkiwa kwenye foleni ya kuruka mnalipa pungufu. Na uliza kama mafuta yamo.

Marekani wawili wanaweza kuruka pamoja, mmoja amefunikwa macho asione nje akifuata vyombo, mwingine akimlinda, na wote wawili wakaandika muda uleule kama marubani wakuu. Ni halali kwao. Uingereza yule mlinzi haandiki kitu. Pata jibu la TCAA kwa maandishi kabla hujanunua "saa 100 kwa bei ya 50", maana leseni utakuja kuibadilishia hapa.

Soroti ipo ng'ambo tu ya mpaka, Uganda, chuo tangu 1971, na kwenye jedwali la yule kijana haikuwepo. Kamisheni haipo, nadhani.

Kuhusu mkataba: usome wote, na utafute kifungu kinachosema fedha zinarudishwa vipi, ndani ya siku ngapi, endapo chuo kitashindwa kukupa ndege. Lipa kwa vipande, kipande kinachofuata kitoke cha kwanza kikiwa kimesharushwa. Wakala akikwambia chuo hakina utaratibu huo, mwambie na wewe kulipa kwa mkupuo si utaratibu wako, maliza soda yako, ondoka.