Kuficha batani siyo ulinzi

Jamani hii tabia ya kuficha batani ya "Futa" halafu mtu anasema ruhusa zimeshakaa sawa, mimi imenichosha. Na sijifanyi malaika, nimeifanya sana tu. Niliwahi kutengeneza programu ya ankara, yuza akilogini anaona zake tu, safi kabisa, mpaka siku nikawa natest kitu kingine nikabadilisha namba kwenye URL, /ankara/418 nikaandika 419, ikafunguka ankara ya mtu mwingine, jina, kiasi, kila kitu. Nilihisi tumbo linakata.

Seva ilikuwa inauliza swali moja tu, huyu amelogini? Kalogini, apite. Na usidhani ukiongeza roli (aina ya yuza, mfano mteja au admin) ndo umemaliza, roli inasema mteja anaruhusiwa kufungua ankara, haisemi ankara ya NANI, na wateja wote wana roli hiyohiyo.

Wengi wanaziba kwa kuvuta rekodi kwanza kisha wanacheki mwenyewe ni nani. Sikatai, inafanya kazi, ila siku unaongeza kipengele cha kudownload PDF saa sita usiku hiyo cheki utaisahau na hutajua kama umesahau. Mimi siku hizi umiliki nauweka ndani ya kwiri yenyewe (ombi linaloenda kwenye databesi), WHERE id = 419 AND mmiliki_id = 73, na hiyo 73, namba ya yuza, inatoka kwenye sesheni (kumbukumbu ya seva ya nani amelogini), siyo kwenye fomu aliyotuma yuza (nimeshaona mtu anaitoa kwenye fomu, nikabaki nacheka tu). Kama si yako hupati kitu, narudisha 404, yaani "haipo". Najua kuna watakaosema 403, yaani "huruhusiwi", ndo sahihi, lakini 403 inamwambia mchokonozi kwamba hiyo namba ipo, sasa ya nini kumsaidia?

Na msiniletee UUID hapa, zile ID ndefu za herufi na namba badala ya 418, 419. Kubahatisha inakuwa ngumu kweli, ila linki ikishatumwa kwa mtu mwingine imeisha hiyo.

Wala siyo kosa la wanaoanza, OWASP, shirika la usalama wa programu, waliliweka namba 1 kwenye orodha yao ya hatari kubwa ya 2021, wakati 2017 lilikuwa la 5.

Mimi ninachofanya sasa ni test ya yuza wawili, A anatengeneza, B anajaribu kusoma, kuhariri, kufuta, kudownload, vyote vinatakiwa vigome. Nilipoirudisha kwenye ile programu ya ankara B alipita sehemu tatu, na mbili kati ya hizo batani zake nilikuwa nimeshazificha.