Sukari ya Mzee Ikishuka

Mzee akishaambiwa ana kisukari, nyumba nzima huanza kulinda sahani yake. Wali anapunguziwa, ugali unamegwa nusu, embe hata kuonja haruhusiwi. Usiku anakunywa uji vijiko vichache, anasema ameshiba, kisha analetewa vidonge vilevile alivyoandikiwa enzi anakula vizuri. Asubuhi kipimo kikisoma 4.1 (mmol/L) watu wanafurahi. Mimi hapo ndipo ninapoingiwa na hofu.

Tumefundishwa kuogopa sukari kupanda, na ni kweli ikikaa juu miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Lakini sukari iliyoshuka chini ya 4 haihitaji miaka. Inaweza kumwangusha mzee usiku mmoja tu akielekea chooni, akavunjika nyonga, na wengi wakivunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani.

Tena kwa mzee haipigi hodi. Kijana atatoka jasho, atatetemeka, moyo utamwenda mbio. Kwa mzee dalili hizo hufifia, hasa akiwa anatumia dawa za presha kama atenololi. Utakachoona ni bibi anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, au anasinzia mchana kutwa, au anakasirika bila sababu. Jamaa wanasema ni uzee. Jamani, pimeni sukari kwanza!

Kuna dawa moja ya kushusha sukari inayonisumbua sana moyoni: glibenklamaidi. Hukaa mwilini muda mrefu, na figo za mzee haziitoi upesi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeeleza kuwa haifai kwa aliyevuka miaka 60, na likaweka gliklazaidi, dawa nyingine ya kushusha sukari. Hata hivyo bado wazee wanatoka nayo dirisha la dawa. Msiiache kienyeji, ila mwulizeni daktari wazi: hii inamfaa mama kwa umri wake? Figo zake zimepimwa lini?

Ulizeni pia lengo lake ni lipi. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho kwa watu wazima wengi hutakiwa kiwe chini ya asilimia 7, kwa mzee dhaifu mwenye magonjwa mengine chini ya 8 kinatosha. Kumbana zaidi ya hapo ni kumtesa.

Nguvu mnayotumia kumnyima embe ihamishieni miguuni. Kila jioni mtu amkague nyayo na katikati ya vidole, maana mguu wenye ganzi hauhisi mwiba wala maji ya moto, na kidonda kidogo kikiachwa huishia kukatwa mguu.

Sukari ikishuka naye bado anameza vizuri, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, subirini dakika 15, mpime tena, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui msimmiminie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na kama anatumia glibenklamaidi mpelekeni hata akizinduka na kuanza kuongea vizuri, kwa sababu saa kadhaa baadaye sukari inaweza kushuka tena, wakati nyote mmeshalala.